Ati ngozi "inatoa sumu kwanza"!

Najua nimepotea. Semista imeisha, matokeo hayajatoka, na kwa wale mliouliza kwa nini kwenye picha za mwisho nimejitanda mtandio mpaka puani kama nakimbia vumbi la Dodoma, jibu lenu hili hapa. Sijaolewa. Sijahama dini. Niliungua uso, tena kwa sabuni.

Na siyo sabuni ya hovyo, sabuni ya asili! Imefungwa karatasi ya kahawia na kamba ya katani, inanukia karafuu na mdalasini kama pilau la Idi, na juu imeandikwa "asilia 100%, haina kemikali". Shilingi elfu tano kipande. Elfu tano, jamani, mimi ambaye boom likichelewa nakula ugali maharage mara moja kwa siku!

Aliyeniuzia ni rafiki yangu, tunakaa korido moja. Nitamwita Shosti. Mkopo alikosa, ada anajilipia kwa hizo sabuni, na kabla sijaandika hata sentensi moja nilimfuata nikamwambia. Akanyamaza muda, halafu akasema, "Andika, ila usinimalize." Sitammaliza. Ninachotaka kukimaliza leo ni ile kauli inayouzwa pamoja na sabuni, ile ya "usiogope ikiwasha, inatoa sumu kwanza". Hiyo nina ugomvi nayo, na sitaki suluhu.

Kwa wasionijua: nina pumu ya ngozi tangu utotoni. Ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, na hewa ikikauka inapanda usoni. Kwetu ni Muheza, kuna unyevu, nilikuwa naishi nayo vizuri tu. Dodoma kiangazi ngozi inakakamaa kama ya ngoma iliyoanikwa. Nywele nazo niliacha kuweka dawa tangu mwaka wa kwanza, nikasema narudi kwenye asili yangu. Kwa hiyo mnaona wenyewe mteja alivyonona: ngozi inawasha, nywele za asili, na mfukoni boom limeingia juzi.

Siku ya kwanza povu lilikuwa la kushiba. Ukipitisha kidole shavuni linalia kwi-kwi. Nikajisifu. Siku ya pili uso ukaanza kuwaka moto nikiuosha, ukizidi nikiukausha. Nikaenda kugonga kwa Shosti. "Usiache!" akaniambia. "Sumu zote ulizokuwa unapaka za dukani ndiyo zinatoka. Kila mtu anapitia hapo." Siku ya nne mashavu yameiva, yanang'aa kama yamepakwa mafuta na mafuta sijapaka. Siku ya sita ngozi inabanduka pembeni mwa pua na pale palipobanduka panatoka maji.

Na nikaendelea! Siku nane, wadau. Mimi nasoma ualimu wa kemia na baiolojia, nitakwenda kusimama mbele ya watoto wa watu niwafundishe kazi za ngozi, niliamka asubuhi nane mfululizo nikajichubua kwa hiari yangu huku nikijipa moyo kwamba sumu zinaisha.

Nimekaa nikajiuliza kwa nini nilikubali, na nadhani nimeona ulipo ujanja wa ile kauli. Ngozi ikitulia, sabuni imefanya kazi. Ngozi ikiungua, sabuni inafanya kazi. Sasa niambieni, hiyo sabuni itashindwa lini? Dawa ya hospitali ikikudhuru unairudisha, viatu vikikubana unavirudisha, lakini hii ikikuumiza unaambiwa ongeza. Na kosa linahama kutoka kwenye kipande cha sabuni linahamia mwilini mwako: wewe ndiye ulikuwa mchafu ndani.

Na hizo sumu ni zipi? Zina majina? Mwili una ini, una figo, hizo ndizo zenye kazi ya kushughulika na taka za damu, zinafanya usiku na mchana bila kuhitaji kipande cha elfu tano. Jasho lina maji na chumvi na vitu vingine kidogo. Ngozi ikiwaka, ikavimba, ikatoa maji, hapo imejeruhiwa, haina siri nyingine. Ukimwaga uji wa moto mguuni nako kunatoka maji, mbona husemi mguu unatoa sumu?

Tena kauli yenyewe siyo ngeni. Dada zetu wa mkorogo waliambiwa hivyo hivyo: ukibanduka ndiyo unatakata, vumilia, ngozi mpya iko chini. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa TBS mwaka 2019, lakini ile lugha haikupigwa marufuku na mtu. Imebadilisha nguo tu. Zamani ilivaa kopo lenye picha ya mzungu, sasa imevaa karatasi ya kahawia na kamba ya katani.

Nywele ndizo zilinitoa machozi zaidi, maana uso unapona. Nilifumua twende kilioni yangu, nikaosha kichwa kwa kipande kile kile, kwa maji ya bomba la hosteli. Maji ya hapa mnayajua, mji huu umetegemea visima vya Makutupora miaka na miaka, na ukitaka kujua yana nini kaangalie hita yako ilivyovaa koti jeupe. Ile mada ya maji magumu tuliyokariri sekondari ili tupite mtihani, basi nilikuwa naifanyia vitendo kichwani: sabuni ikikutana na kalsiamu ya maji inatengeneza utando usioyeyuka, na utando ule unakaa palepale sabuni ilipokuwa. Nywele zikawa kama zimepakwa nta ya mshumaa. Ukiosha tena unaongeza. Kitana kikipita kinatoka na nywele. Kikundi cha nywele cha WhatsApp wakaniambia suuza na ndimu, nikasuuza, na ngozi ya kichwa ilikuwa tayari imechubuka. Sitaki kuongelea ile ndimu.

Sasa tufike kwenye mahali jambo lilipobumburuka, maana peke yangu ningeendelea mpaka siku ya ishirini.

Wiki ile ilikuwa zamu yangu kwenye zoezi la kufundisha mbele ya wenzetu. Mada niliyopangiwa: asidi na alkali, na sharti, zana zitoke kwenye mazingira. Dodoma rozela haikosekani (wengine mnaita choya), nikachemsha yale maua nikapata maji mekundu kama damu ya mzee. Ni kiashiria kizuri kuliko litimasi ya kununua. Nikapanga chupa zilizokatwa: moja ina ndimu, moja maji ya bomba, moja magadi ya kupikia maharage, moja povu la sabuni ya kuogea ya dukani, na ya mwisho, kwa mbwembwe zangu, sabuni ya Shosti niliyoikoroga kwenye maji. Nilitaka kuwaonyesha ya dukani ilivyo kali na ya asili ilivyo mpole. Nilishaandaa na sentensi ya kusema.

Ndimu ikawa nyekundu ya kung'aa. Magadi yakageuka kijani. Sabuni ya dukani nayo kijani. Ya Shosti ikapita kijani, haikukaa, ikaanza kwenda njano mbele ya macho ya darasa zima. Mhadhiri akainuka kule nyuma, akaja mpaka mezani, akauliza, "Hii ya mwisho ni kostiki?" Nikamwambia hapana mwalimu, ni sabuni ya kuogea. Akaitazama chupa, akanitazama uso, akaitazama chupa tena. Darasa likaangua kicheko na mimi nikatamani kuingia chini ya meza. Baadaye tulichukua karatasi ya pH maabara, ikasoma 12.

Kwa wenzangu wa sanaa na lugha, nielezee haraka. Ngozi ya mtu ina uasidi kidogo, pH yake ni kama 5. Sabuni ya kweli, iwe ya kiwandani au ya Shosti, hukaa kwenye 9 hadi 10, maana sabuni ni mafuta yaliyopikwa na alkali, hakuna njia nyingine. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo toka 5 mpaka 10 ni mara laki moja. Ngozi nzima huoshwa kwa sabuni halafu ikajirudisha yenyewe taratibu. Ngozi ya wenye pumu ya ngozi inachelewa kujirudisha, ndiyo maana hata sabuni nzuri hutukausha. Na 12 siyo ya kuogea, hiyo ni ya kuzibua sinki.

Jioni nikaenda kwa Shosti na karatasi yangu ya hesabu. Alinipokea kwa maneno, eti nimemwaibisha mbele ya wateja. Nikamwomba anipe vipimo vyake tu. Akatoa daftari la ile semina ya ujasiriamali ya siku mbili aliyohudhuria: mafuta kilo moja, kostiki soda gramu 180, maji. Mafuta gani? "Mafuta," akasema. Mwanzoni alikuwa anatumia nazi. Mwezi wa kumi na moja bei ya nazi ikamshinda, akanunua alizeti, ambayo huku imejaa, akaweka kipimo kile kile.

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Kilo ya mafuta ya nazi inakula kostiki gramu 183 hivi mpaka iishe yote, ndiyo maana mipiko yake ya kwanza haikuwa na kesi. Kilo ya alizeti inakula kama 135 tu. Toa 135 kwenye 180. Gramu 45 za kostiki soda zilibaki humo ndani bila kazi, zikafungwa karatasi ya kahawia, zikaandikwa "haina kemikali". Nilipomwandikia hiyo hesabu nyuma ya handauti aliitazama muda mrefu. Hakubisha. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na wale wa mwaka wa kwanza niliowaambia wasiache?"

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mpaka leo. Kosa la kipimo linatokea, hata viwanda vikubwa vinakosea. Lakini kosa la kipimo lingegundulika siku ya pili. Mteja wa kwanza angerudi akasema inaniunguza, Shosti angekumbuka alibadilisha mafuta, angesimamisha. Wateja WALIRUDI! Mimi nilirudi, na kuna binti wa mwaka wa kwanza alirudi mara mbili, shingo yote imeiva. Sote tulifukuzwa kwa sentensi moja. Ile sentensi ndiyo iliyoziba mlango wa kosa kuonekana, na Shosti mwenyewe hakuitunga, aliipata palepale semina, kwenye kipengele cha "kumjibu mteja".

Najua mtakachosema, maana mmeshaanza kuniambia ana kwa ana.

Mtasema bibi zetu walitumia vya asili na ngozi zao zilikuwa nzuri. Mimi bibi ninaye Muheza, nimempigia simu nikamuuliza. Amecheka mpaka akakohoa. Anasema sabuni ilikuwa ya kufulia nguo, mwilini ni maji ya mvua na dodoki, baada ya hapo mafuta ya nazi, na nywele ni mafuta ya nazi na kusuka, basi. Karafuu alitia kwenye chai. Hakuna bibi aliyejisugua usoni kwa kostiki na mdalasini akasema ni mila. Na kwa taarifa yenu mafuta ya karafuu na mdalasini, asilia kabisa yale, ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kwa kuleta mzio wa ngozi. Upupu ni wa asili. Utomvu wa mnyaa ni wa asili, ukuingie jichoni uone. Mwarobaini wenyewe hauandiki kwenye jani lake kwamba "mimi ni salama kwa kila mtu".

Mtasema nawapigia debe wa viwandani. Hapana. Zile zenye marashi makali zimenitesa tangu darasa la tatu, mama alizipiga marufuku nyumbani. Lakini nesi wa zahanati, nilipomfikia na uso wangu, alinipa ushauri ambao hauna pesa ya mtu ndani yake: acha sabuni zote usoni kwa sasa, oga maji ya uvuguvugu, usisugue, na ukitoka tu, ngozi bado ina unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Mafuta ya mgando, wadau! Yanatoka kwenye mafuta ghafi, yapo kila duka la Mangi, hayana hata chembe ya umajani, na ni nadra sana kumletea mtu mzio. Yaani kitu kilichoniponya ndicho nilichoambiwa ni sumu inayotakiwa kutoka.

Mtasema nachukia vya nyumbani, nawaharibia wasichana wenzangu riziki. Hapa nakasirika kweli. Kilisun, mafuta ya kuwakinga na jua wenzetu wenye ualbino, yalianza kutengenezwa Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC. Cha nyumbani hicho. Kina mama wa Paje kule Unguja wanatengeneza sabuni ya mwani. SIDO ipo tangu 1973. Watanzania tunaweza, nani amekataa? Ninachokataa ni kwamba eti kwa kuwa mwenzangu ni maskini na mimi ni maskini, basi tuunguzane kwa upendo bila kuulizana viungo. Mtu anayejilipia ada kwa sabuni ndiye anayehitaji zaidi sabuni isiyorudishwa.

Na siombi makubwa. Mizani ya jikoni anayo, anapima kostiki vizuri tu. Apime kila mafuta kwa kipimo chake, habari ya "mafuta ni mafuta" iishe. Aandike kwenye karatasi kilichomo, karafuu aiite karafuu, ili mwenye mzio akimbie mapema. Aandike tarehe aliyomwaga kwenye umbo, maana sabuni ya kupikwa bila moto inataka wiki nne hadi sita ikae, ikauke, itulie, na tunajua hosteli inauza ikiwa na siku tatu kwa sababu wikiendi kuna sherehe. Na anayenunua, kama ngozi yako ni ya kwetu, usianzie usoni. Weka povu ndani ya kiwiko, sehemu ndogo kama shilingi, suuza, rudia kila siku kwa siku saba hadi kumi. Pakiwasha, umeshapata jibu, wala usimpigie mtu simu akushawishi.

Binti wa mwaka wa kwanza nilimpeleka zahanati mwenyewe. Anaendelea vizuri, ila hataki kuniangalia, nadhani ananichanganya na Shosti kwa kuwa siku aliyorudi kulalamika mara ya kwanza nilikuwa nimekaa pale kitandani, na uso wangu ukiwaka, nikamwambia, "Vumilia mdogo wangu, hata mimi napitia." Ndiyo. Niliisema na mimi.

Shosti ameanza upya. Chini ya kitanda chake kuna trei mbili za nazi na alizeti, nusu kwa nusu, na safari hii hesabu tumepiga wote wawili, tukarudia mara tatu. Bado ananijibu kwa mkato. Zimewekwa tarehe, na kuna watu wameshaanza kugonga mlango wanazitaka, hazijafikisha hata wiki mbili.

Za zamani ziliuzwa zaidi ya arobaini, zimerudi kumi na moja. Kwa hiyo kama una kipande cha karatasi ya kahawia ulichonunua mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, kina rangi ya manjano mpauko na ukikigusa ni kama kimemwagiwa unga mweupe juu, usikiogee. Hata kama hakijakuwasha. Mletee, atakurudishia elfu tano yako, ameniahidi, ila msiende wote siku moja maana hana. Usipotaka kurudisha, sugulia sakafu ya chooni, na uvae glavu.